Nimelipa kianzio cha mashine ya kupunguza tumbo, sasa nina wasiwasi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 36, naishi Moshi na ni mhasibu katika chama cha akiba na mikopo. Mtoto wa pili nilimpata kwa upasuaji miaka miwili iliyopita, na tangu hapo tumbo langu halijarudi. Nina urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 74, lakini kinachoninyima raha ni umbo zaidi kuliko uzito: mikono na miguu yangu ni ya kawaida, ila tumbo limetangulia mbele, na ubavuni nina nyama uzembe inayojitokeza juu ya mkanda wa sketi. Majuzi ndani ya daladala kijana mmoja alisimama akanipisha kiti, akawaambia wenzake wasogee ili mama mjamzito akae. Nilikaa, maana kukataa kungehitaji maelezo marefu kuliko safari yenyewe.

Katikati ya Desemba tuna sendofu ya mdogo wangu, na mimi ndiye dada mkubwa nitakayesimama naye mbele za watu. Fundi wangu pale Mbuyuni amenipima kiuno akapata sentimita 96, akanishauri gauni lipanuliwe. Nilipomsimulia wifi yangu anayeishi Nairobi, aliniambia kuwa yeye aligandishwa mafuta ya ubavuni kwa mashine ya baridi na nguo zake zikaanza kumpwaya, kisha akanitumia namba ya kituo kimoja cha urembo kilichopo Arusha. Nilipowaandikia, walinijibu kwamba wana kifurushi cha mashine mbili, ya kwanza ya kugandisha mafuta na ya pili ya sumaku inayokaza misuli ukiwa umelala, na kwamba nusu saa ya mashine hiyo ya pili ni sawa na kupiga sit-up 20,000. Waliniahidi kupungua kilo tano hadi saba ndani ya wiki mbili, bila mazoezi na bila kubadili chakula, kwa kuwa mafuta yatayeyuka na kutoka kwa mkojo. Bei ni shilingi 1,800,000, na ofa inaisha mwisho wa mwezi. Nimeshatuma kianzio cha shilingi 300,000 kwa simu, na zilizobaki nimeomba mkopo kwenye kikoba. Dada aliyenihudumia aliniuliza saizi ya nguo tu.

Labda nieleze na mengine. Natumia kitanzi tangu mtoto alipotimiza miezi mitatu. Mama yangu ana kisukari, mimi sina ugonjwa ninaoujua. Niliwahi kuanza kupiga sit-up asubuhi, nikaacha kwa sababu kila nikijiinua kunatokeza kigongo kirefu katikati ya tumbo, kutoka chini ya kifua hadi kitovuni. Mama anasema yote haya ni kwa sababu nilifungua kanga mapema baada ya kujifungua. Mume wangu anasema hana shida na tumbo langu, lakini habari za mkopo hazijui.

Shangazi, mashine hizi zinafanya kazi kweli? Nimalizie malipo? Na hiyo misuli itaonekana kabla ya sendofu?

Mama Wawili, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Usimalizie malipo kwa sasa, na usikubali kulala chini ya ile mashine ya sumaku, kwa sababu ya jambo uliloliandika kama la kupita tu, yaani kitanzi. Vitanzi vingi vinavyowekwa katika vituo vyetu vya afya ni vya plastiki iliyozungushiwa waya wa shaba. Mashine ya sumaku hufanya kazi kwa kutoa uga wa sumaku wenye nguvu unaobadilika kwa kasi kubwa, na mabadiliko hayo huzalisha umeme mdogo katika mishipa ya fahamu inayoiamuru misuli ikaze. Uga huohuo ukikutana na madini huzalisha umeme ndani yake pia na unaweza kuyapasha joto, na kitanzi chako kimekaa ndani ya mfuko wa uzazi, chini kabisa ya mahali ambapo kichwa cha mashine huwekwa. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe huwataja wenye kitanzi cha shaba miongoni mwa watu wasiopaswa kutibiwa tumboni, pamoja na wajawazito, wenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo na wenye vyuma mwilini karibu na eneo hilo. Kituo kinachojua kazi yake hukuuliza maswali hayo kabla ya kutaja bei. Hiki kilikuuliza saizi ya nguo.

Na tafadhali usiende kukitoa kitanzi ili upate nafasi ya mashine. Kitanzi cha shaba hulinda kwa miaka 10 au zaidi, na kukiondoa kwa ajili ya matibabu ya urembo kutakuachia tatizo kubwa kuliko hilo la gauni.

Sasa nikujibu swali lako la kwanza kwa haki, kwa sababu mashine hizi si utapeli mtupu, ingawa matangazo yake mara nyingi yanakaribia kuwa hivyo. Ile ya baridi ina historia ya kitabibu inayoeleweka. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza habari za mtoto mchanga ambaye shavu lake lilivimba na mafuta yake kuharibika baada ya kunyonya barafu ya kijiti, jambo lililoonyesha kwamba chembe za mafuta huumizwa na baridi kabla ya ngozi kuumia. Dieter Manstein na Rox Anderson, watafiti wa Boston, wakaligeuza jambo hilo kuwa matibabu, wakachapisha majaribio yao kwa nguruwe mwaka 2008, na mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ikairuhusu mashine hiyo kwa mafuta ya ubavuni, kisha mwaka 2012 kwa tumbo. Mashine hunyonya mkunjo wa ngozi na mafuta ndani ya kikombe, huupoza kwa muda wa dakika 35 hadi saa moja, na chembe za mafuta zilizoganda hufa polepole katika wiki zinazofuata. Mwili huziondoa kidogo kidogo kwa njia zake za kawaida. Hazitoki kwa mkojo, na mtu anayekuambia utayaona mafuta yako chooni ama hajui anachokiuza ama anajua na ameamua kunyamaza.

Kipimo cha mafanikio yake ni kama robo ya unene wa mafuta mahali palipotibiwa, mara nyingi pungufu kidogo. Ukibana ubavu wako ukapata mkunjo wenye mafuta ya sentimita nne, basi matibabu yaliyofanikiwa yatakuondolea takribani sentimita moja. Hiyo inatosha kuifanya sketi ikae vizuri, na ndiyo sababu simshangai wifi yako. Lakini mizani haitasogea kwa kiasi cha kuzungumzia, na hakuna njia ambayo sentimita moja ya mafuta ya ubavuni inaweza kuwa kilo saba. Zaidi ya hapo, matokeo huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa na hukamilika katika miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo hata mashine ingekuwa halisi na mikono ingekuwa ya fundi wa kweli, ahadi ya wiki mbili isingetimia.

Madhara ya kawaida ni wekundu, uvimbe, michubuko na ganzi inayoweza kukaa wiki kadhaa. Yapo yasiyo ya kawaida ambayo sitaki usome mtandaoni kwa mshtuko baada ya kulipa. Kwa watu wachache, mafuta ya mahali palipogandishwa huongezeka na kuwa magumu, yakiacha uvimbe wenye umbo la kikombe cha mashine, na kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji. Mwanamitindo Linda Evangelista alisema hadharani mwaka 2021 kwamba jambo hilo lilimpata. Isitoshe, kuna mashine za kuiga ambazo hazidhibiti baridi sawasawa, au wahudumu wanaobana matumizi ya vitambaa vya jeli vinavyokinga ngozi, na hapo ngozi huungua kwa baridi kama ambavyo ingeungua kwa moto. Wenye magonjwa ya damu yanayochochewa na baridi hawapaswi kabisa kuikaribia.

Kuhusu mashine ya sumaku, ile hesabu ya 20,000 haikutoka hewani. Aina ya kwanza iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya tumbo mwaka 2018, na ni kweli kwamba kwa nusu saa huikaza misuli takribani mara 20,000, kwa nguvu ambayo mtu hawezi kuifikia kwa hiari yake. Lakini msuli kukaza ukiwa umelala si sit-up. Mapafu, moyo, mgongo na miguu yako haikushiriki, na wala hukujifunza kuubeba mwili wako vizuri zaidi. Tafiti zilizopima misuli ya tumbo kwa picha baada ya vipindi vinne zimeonyesha ikinenepa kwa takribani asilimia 15, ingawa nyingi zilihusisha watu wachache na baadhi zilifadhiliwa na watengenezaji. Msuli huo, kama msuli mwingine wowote, hunywea usipotumiwa, na ndiyo maana vituo hukutaka urudi kila baada ya miezi kadhaa na pochi yako. Tena msuli ulionenepa chini ya tabaka nene la mafuta hauonekani. Wale unaowaona kwenye picha wakiwa na mistari ya tumbo walikuwa wembamba kabla ya kulala kitandani.

Zipo na nyingine utakazotajiwa ukikataa hizi: mawimbi ya redio na leza zinazopasha mafuta joto, mawimbi ya sauti yanayolengwa ndani, na mikanda ya umeme inayouzwa madukani. Zile za joto zina nafasi yake mikononi mwa mtaalamu, lakini ngozi nyeusi ikiungua huacha alama inayodumu, na hapa mkono mbaya huonekana haraka. Mikanda ya umeme ya madukani haijathibitishwa kupunguza mafuta. Sindano za kuyeyusha mafuta ya tumbo uzikatae moja kwa moja. Dawa ya aina hiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 ni ya mafuta ya chini ya kidevu tu.

Hata hivyo, mwanangu, barua yako haikunifikirisha sana kuhusu mashine. Ilinifikirisha kuhusu tumbo lenyewe, kwa sababu tumbo linalotangulia mbele linaweza kuwa na sababu nne tofauti, na wewe umelipia dawa kabla hujaambiwa ugonjwa. Kuna mafuta ya chini ya ngozi, haya unayoweza kuyabana kwa vidole. Kuna mafuta ya ndani, yanayozunguka utumbo na ini, ambayo hakuna mashine ya nje inayoyafikia. Kuna ngozi iliyolegea. Na kuna misuli iliyoachana, ambayo ndiyo naishuku zaidi kwako kutokana na kile kigongo kinachotokeza ukijiinua.

Misuli miwili mirefu ya mbele ya tumbo imeunganishwa katikati kwa utando, na mimba inapokua utando huo hutanuka ili kumpa mtoto nafasi. Kwa wanawake wengi hurudi, kwa wengine hubaki umelegea, na viungo vya ndani husukuma tumbo mbele hata kwa mtu mwembamba. Jipime jioni hii kabla ya kula. Lala chali, kunja magoti, weka vidole vyako vya mkono mmoja juu kidogo ya kitovu vikielekea chini kwa ncha, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu huku ukibonyeza taratibu. Utasikia kingo mbili ngumu zikikaribiana pande zote mbili za vidole. Rudia kitovuni na chini yake. Ikiwa nafasi iliyo kati ya kingo hizo inaingiza zaidi ya vidole viwili, au vidole vinazama pasipo kukuta kitu cha kuvizuia, mwone mtaalamu wa fiziotherapia. Ukikuta uvimbe unaochomoza kitovuni au karibu na kovu la upasuaji na kuuma, huyo ni daktari kwanza, kwa kuwa inaweza kuwa ngiri, na mahali penye ngiri hapawekewi mashine ya kunyonya.

Uliacha sit-up ukidhani umeshindwa, kumbe mwili wako ulikuwa unakuonya, kwa sababu mazoezi ya kujikunja kwa nguvu husukuma utando huo nje. Yanayofaa ni ya polepole: kuvuta tumbo ndani wakati wa kutoa pumzi, kuitelezesha miguu mmoja mmoja ukiwa chali, kujifunza kuinuka kitandani kwa upande badala ya kujiinua moja kwa moja, kisha kuongeza uzito kadiri misuli inavyoitikia. Moshi unayo bahati ambayo miji mingi haina, kwa kuwa hospitali ya rufaa ya KCMC wanatibu na pia wanafundisha fani ya fiziotherapia, na hapohapo kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Yaani watu wa kukuambia kama ni msuli, mafuta au ngozi wako mjini kwako, na utawafikia kwa gharama ndogo sana kuliko kianzio ulichotuma.

Mama yako umsamehe kuhusu kanga. Kumfunga mzazi tumbo humpa egemeo na hupunguza maumivu ya mgongo katika wiki za kwanza, na mimi nimewafunga wengi, lakini kanga haiyeyushi mafuta wala haiunganishi misuli, na kuifungua mapema hakukukuletea hali hii.

Kisukari chake ndicho kinachonifanya nirudi kwenye kipimo cha fundi. Kwa mwanamke, Shirika la Afya Duniani huhesabu kiuno kinachozidi sentimita 88 kuwa dalili ya hatari kubwa ya magonjwa kama kisukari na ya moyo, na wewe una 96. Sehemu ya hizo inaweza kuwa misuli iliyoachana, lakini sehemu yake huenda ni yale mafuta ya ndani, hivyo pima sukari na presha mwezi huu, hata kama unajisikia mzima. Habari njema ni kwamba mafuta ya ndani huitikia mwendo haraka kuliko yale ya chini ya ngozi. Dakika 150 za kutembea kwa kasi kwa wiki, ukizigawanya jioni katika barabara zenye miti za Shanty Town au popote unapoona ni salama, na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki baada ya fiziotherapia kukuruhusu, ndiyo kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima. Sikuambii uache mtori wala ndizi za nyama, maana si vyakula hivyo vinavyonipa mashaka. Nina mashaka zaidi na soda, chapati mbili za saa nne kazini na kile kinachoitwa juisi.

Ukishapimwa, ukaambiwa misuli iko sawa na kilichobaki ni mkunjo wa mafuta ubavuni, na bado unatamani mashine ya baridi kwa fedha yako mwenyewe, sitakuzuia. Utakuwa mtu ambaye mashine ile ilitengenezwa kwa ajili yake. Lakini uulize kama kituo kimesajiliwa kutoa huduma za afya, kwa kuwa leseni ya biashara ya saluni si kibali cha tiba. Uulize jina la daktari anayesimamia na kama yumo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Na uulize jina na toleo la mashine, kisha uthibitishe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kama imesajiliwa nchini. Anayekasirika kwa maswali hayo amekuokolea nauli ya Arusha.

Kuhusu sendofu, mwache fundi apanue gauni. Mkato unaoanzia chini ya kifua, kitambaa kizito kidogo kisichong'aa tumboni, na koseti ya kiasi kwa saa za sherehe tu, vitafanya kazi ambayo hakuna mashine inayoweza kuifanya kwa muda uliobaki. Koseti isikubane hadi upumue kwa shida, na usiilalie.

Mkopo wa kikoba uuahirishe kabla haujatoka, maana ukishatoka utakuwa na riba na wadhamini, na jambo hilo mume wako atalisikia kutoka kwa mtu mwingine. Mwambie wewe, leo, ukiwa bado hujakopa. Mazungumzo yatakuwa mepesi zaidi.

Zimebaki hizo shilingi 300,000. Usipige simu, andika ujumbe, kwa sababu maneno ya simu hayana ushahidi. Waandikie hivi: "Nililipa kianzio cha shilingi 300,000 kwa ajili ya kifurushi cha mashine mbili. Sikuulizwa hali yangu ya afya kabla ya kulipa. Ninatumia kitanzi, ambacho kwa maelekezo ya watengenezaji ni kizuizi cha matibabu ya mashine ya sumaku, hivyo huduma niliyouziwa haiwezi kutolewa kwangu kwa usalama. Naomba kurejeshewa fedha zangu ndani ya siku 14, kwa namba ileile niliyolipia." Ambatanisha risiti ya muamala, na uhifadhi mazungumzo yote ya nyuma, hasa lile tangazo la kilo saba kwa wiki mbili. Huenda watakuambia kianzio hakirudishwi, au watakupa huduma nyingine badala yake. Jibu kwa maandishi kwamba hukuambiwa sharti hilo kabla ya kulipa, kama kweli hukuambiwa, na usikubali huduma ya mbadala usiyoichagua. Wakikaa kimya hadi siku hizo zipite, malalamiko ya mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani, na unaweza kuyaandika mwenyewe bila wakili.